Kaseti inasikika vibaya kwenye kompyuta: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Sauti ya kaseti inaweza kuharibikia sehemu nne kabla haijawa faili: kwenye utepe, kwenye mashine, kwenye waya au kwenye kompyuta. Kosa la kawaida ni kuanzia mwisho. Mtu anarekodi, anasikia mvumo au sauti iliyoziba, anafungua programu ya kuhariri na kuanza kupunguza kelele. Programu haina namna ya kurudisha kitu ambacho hedi chafu, yaani kile kipande cha chuma ndani ya mashine kinachosoma utepe, haikukisoma. Tafuta kwanza tatizo liko sehemu ipi, limalize hapo hapo, ndipo urekodi.

Vipimo vitatu vinatosha kulitafuta. Kwanza, chomeka hedifoni kwenye mashine yenyewe. Ubovu ukisikika hapo, kompyuta haihusiki. Pili, weka kaseti nyingine, hasa ile iliyorekodiwa kiwandani. Ubovu ukiendelea, ni mashine. Ukiisha, ni kaseti yako. Tatu, acha kompyuta iendelee kurekodi huku umesimamisha kaseti. Kelele inayobaki haitoki kwenye utepe, inatoka kwenye umeme, waya au kadi ya sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayopokea sauti. Fanya vipimo hivi kila unapokutana na dalili mpya, hata kama unadhani unajua jibu.

Kuhusu mashine: deki ya kaseti (ile isiyo na spika zake) ya zamani ya mtumba au redio kaseti nzuri iliyofanyiwa huduma inashinda vile vichezeo vidogo vipya vyenye waya wa USB. Vingi vya hivyo vina mota nyepesi ambayo kasi yake haitulii, na vingine hutoa chaneli moja tu. Kaseti ambayo haina nakala nyingine duniani, kama sauti ya marehemu bibi au mawaidha yaliyorekodiwa msikitini mtaani kwenu, inastahili mashine ya uhakika.

Kabla ya kuicheza

Shika kaseti kwenye mwanga na uangalie kupitia kidirisha. Unga mweupe au vidoa vyeupe kwenye kingo za utepe uliojiviringisha ni kuvu. Dar es Salaam ni mji wa pwani, hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima, na kaseti zilizokaa kwenye boksi la karatasi sakafuni wakati wa masika, Machi hadi Mei, mara nyingi huwa nalo. Kaseti yenye kuvu usiitie kwenye mashine. Mbegu zake zitahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenda kaseti zote zinazofuata. Itenge kwenye mfuko wake, kisha iweke siku kadhaa kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vipya vya silika vinavyonyonya unyevu, au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kuvu likishakauka, vaa barakoa, toka nje, fungua ganda na ulipanguse kwa brashi laini. Mtu mwenye pumu asifanye kazi hii.

Kukausha juani hakufai. Ganda la plastiki hupinda, na ganda lililopinda hubana magurudumu ya ndani. Pia ukiitoa kaseti kwenye chumba cha baridi kali na kuipeleka sebuleni penye joto, iache kwenye mfuko uliofungwa kwa saa moja au mbili ipate joto la chumba, la sivyo umande utaganda juu ya utepe.

Kisha angalia uwazi wa mbele wa kaseti. Katikati, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha sufi iliyoshindiliwa kilichobandikwa juu ya springi ya shaba. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake huchoka na kipande hudondoka. Kisipokuwepo, sauti huwa hafifu na inayoingia na kutoka, na hakuna usafishaji wa hedi utakaosaidia. Chukua springi nzima kutoka kaseti isiyo na thamani na uihamishie.

Vunja vijisahani viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti kama bado vipo, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya. Kaza utepe uliolegea kwa kuzungusha gurudumu kwa kalamu ya Bic. Halafu upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo mara moja bila kucheza. Utepe uliokaa miaka ishirini bila kuguswa hushikana na kujiviringisha bila usawa, na mzunguko huo mmoja huondoa mikwamo mingi.

Kaseti za dakika 120 zitendee kwa tahadhari ya pekee. Utepe wake una unene wa mikroni 9 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nusu ya ule wa kaseti ya dakika 60, na huvutika kirahisi. Hizo zizungushe kwa kalamu au kwa mashine ambayo haivuti kwa nguvu.

Sauti nzito, imeziba, maneno hayachomozi

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na ina sababu nne ambazo ni lazima zifuatwe kwa mpangilio.

Sababu ya kwanza ni uchafu. Utepe huacha vumbi la rangi ya kahawia kwenye hedi, na tabaka jembamba kuliko unywele linatosha kuua sauti za juu. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, na usugue uso wa hedi hadi pamba itoke nyeupe. Sugua pia shafti ya chuma inayovuta utepe. Ile rola ya mpira inayobana utepe dhidi ya shafti isafishe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha ikaushe. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukilazimika kuitumia, subiri robo saa kabla ya kucheza. Thina na petroli viache kabisa, vinayeyusha plastiki na mpira. Kaseti za zamani zinachafua haraka, kwa hiyo rudia usafi kila baada ya kaseti mbili au tatu, na kila mara baada ya ile iliyokuwa na kuvu.

Sababu ya pili ni kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mchemko, yaani ile kelele ya "shhh" ya utepe. Kikiwa kimewashwa wakati kaseti haikurekodiwa kwa Dolby, sauti huziba. Kaseti zilizorekodiwa nyumbani kwa redio kaseti karibu zote hazina Dolby, basi kizime. Kikizimwa kwa kaseti iliyorekodiwa nayo, hutokea kinyume chake: sauti inakuwa kali na yenye mchemko mwingi. Kasha la kaseti ya kiwandani huonyesha alama ya herufi D mbili zinazotazamana.

Sababu ya tatu ndiyo isiyojulikana kwa wengi na ndiyo yenye faida kubwa zaidi: pembe ya hedi, ambayo mafundi wengine huiita azimuthi. Utepe wa kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, wimbi moja la sauti ya Hz 10,000 lina urefu wa takriban mikroni 5 tu juu ya utepe. Hedi iliyoinama kidogo kuliko ile iliyorekodi, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, inasoma mawimbi hayo upande upande na kuyafuta. Redio kaseti iliyorekodi harusi mwaka 1985 ilikuwa na pembe yake. Mashine yako ina yake. Ni lazima uifuate ile ya zamani.

Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imebana moja kwa moja, nyingine ina springi chini yake. Ile ya springi ndiyo ya pembe. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na kwenye bamba lake ili ujue ilipokuwa. Tumia bisibisi isiyo na sumaku. Ijaribu kwenye pini kwanza, kwa sababu sumaku inaharibu hedi na kufuta utepe. Cheza sehemu yenye sauti kali, kama matari, kayamba au herufi za s na sh katika mazungumzo. Geuza skrubu polepole huku ukisikiliza kwa hedifoni, sehemu ndogo ya robo mzunguko kila upande. Utafika mahali ambapo sauti inafunguka ghafla, na ukipita inaziba tena. Simama kwenye kilele hicho. Kaseti nyingine itadai mahali pengine, na pande A na B za kaseti moja zinaweza kutofautiana. Ukimaliza kazi, rudisha skrubu kwenye alama.

Sababu ya nne ni hedi iliyoisha. Pitisha ukucha juu ya uso wake. Ukikwama kwenye mtaro uliochimbwa na utepe, hedi hiyo imefika mwisho na dawa yake ni mashine nyingine.

Kabla hujaendelea kuhangaika, jiulize pia kama treble hiyo, yaani sauti za juu, iliwahi kuwepo. Rekodi nyingi za majumbani zilinaswa kutoka matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam kupitia masafa ya kati au mafupi. Matangazo ya masafa ya kati hupangwa kwa umbali wa kHz 9, hivyo sauti yenyewe hukatwa karibu na Hz 4,500. Juu ya hapo utakuta mchemko tu. Ukipandisha treble unapandisha mchemko. Kama unasikia filimbi nyembamba isiyokoma kwenye rekodi ya aina hiyo, mara nyingi iko kwenye Hz 9,000 na inatokana na stesheni ya jirani. Ikate kwa kichujio chembamba kwenye masafa hayo hayo, na sauti ya mtangazaji haitaguswa.

Rekodi ya mono inayosikika kama imetoboka

Redio kaseti nyingi zilirekodi kwa mono, yaani chaneli moja badala ya mbili za stereo. Ukiicheza kaseti hiyo kwenye mashine ya stereo, chaneli ya kushoto na ya kulia zinasoma sehemu mbili za njia moja ile ile. Watu huzichanganya kuwa moja ili faili liwe jepesi, na ghafla sauti inapoteza uhai. Sababu ni pembe ile ile ya hedi: chaneli moja inachelewa kidogo sana nyuma ya nyingine, na zikichanganywa sauti za juu zinafutana.

Tengeneza pembe kwanza, kisha urekodi kwa stereo. Baada ya hapo sikiliza kila chaneli peke yake. Kama zote ni nzima na zinakwenda pamoja, zichanganye. Mchemko utapungua kwa karibu desibeli 3. Kama moja ina mikatiko au imefifia, itupe na ubaki na ile nzuri. Chaneli inayosoma ukingo wa nje wa utepe ndiyo huumia zaidi, kwa sababu ukingo huo ndio unaopondwa.

Kasi siyo sahihi

Kwanza ondoa kompyuta kwenye lawama. Kama sauti ni sahihi kwenye hedifoni za mashine lakini faili linakwenda mbio au linakokota kwa asilimia 8 hadi 9, kuna mkanganyiko wa viwango vya sampuli za sauti kwa sekunde, kati ya Hz 44,100 na Hz 48,000. Weka kiwango kimoja kwenye mipangilio ya sauti ya Windows na kwenye programu ya kurekodi, kisha urekodi upya.

Mashine ikiwa ndiyo inayokokota kwa kaseti zote, ni belti iliyolegea au mota. Mota nyingi zina tundu dogo mgongoni lenye skrubu ya kurekebishia kasi. Geuza kidogo sana kwa bisibisi nyembamba, ukipima kwa kaseti ya kiwandani yenye wimbo ambao ufunguo wake unaujua.

Kaseti ikiwa ndiyo yenye kasi mbaya, mara nyingi betri za redio iliyorekodi zilikuwa zinakwisha. Redio ilikuwa inapunguza mwendo wakati wa kurekodi, kwa hiyo ikichezwa kwa mwendo sahihi wasemaji wanazidi kuwa na sauti nyembamba na ya haraka kadiri kaseti inavyosonga. Rekodi kama ilivyo, gawanya faili katika vipande vya dakika tano, na upunguze kasi ya kila kipande kwa asilimia yake. Tumia kipengele kinachobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, siyo kile kinachobadili mwendo peke yake.

Kama rekodi ilifanywa kwa redio iliyochomekwa ukutani, kuna njia ya kupima badala ya kukisia. Umeme wa Tanzania ni wa Hz 50, na mvumo wake huacha alama ndani ya utepe kwenye Hz 50, 100 na 150. Katika Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, chagua sehemu ya kimya, fungua uchambuzi wa masafa na uchague ukubwa wa juu kabisa wa sampuli. Kilele kikiwa kwenye Hz 156 badala ya 150, kaseti inakwenda asilimia 4 zaidi. Gawanya 150 kwa 156, unapata 0.9615, yaani punguza kasi kwa asilimia 3.85. Hakikisha kwanza, kwa kile kipimo cha tatu, kwamba mvumo huo umo ndani ya utepe na hautoki kwenye waya wako wa leo. Umeme wenyewe huyumba kidogo, kwa hiyo malizia kwa sikio.

Sauti inaogelea

Hesabu muda kati ya yumbo moja na jingine. Rola ya mpira yenye kipenyo cha milimita 12 huzunguka mara moja kwa takriban sekunde 0.8. Yumbo linalorudi kwa muda huo bila kubadilika, mwanzo hadi mwisho wa kaseti, ni la rola iliyokakamaa au yenye kipande kilichobonyea. Yumbo linaloanza kila sekunde moja na nusu na kurefuka taratibu hadi sekunde tatu na zaidi linafuata gurudumu linalojaa utepe: hapo ganda limepinda au utepe umekaa vibaya. Piga kaseti bapa kwenye kiganja mara mbili tatu, kisha legeza skrubu tano za ganda kwa robo mzunguko. Isipotosha, hamishia utepe kwenye ganda jipya. Fungua kaseti ikiwa imelala, picha ya simu ikiwa imeshapigwa kabla hujagusa kitu, na usisahau vile vikaratasi viwili vyembamba vinavyolala juu na chini ya utepe. Ukivisahau, utepe utalia.

Yumbo la haraka lisilo na mpangilio ni belti. Chukua belti ya zamani unapokwenda Kariakoo kutafuta nyingine. Inayofaa huwa ndogo kwa asilimia 5 hadi 10 kuliko ile iliyovutika, na yenye umbo lile lile, ya mraba au bapa. Belti iliyogeuka kuwa lami iondoe yote kwa spiriti kabla ya kuweka mpya. Mpira wa kufungia noti haufai, hata kwa siku moja, kwa sababu unene wake haulingani.

Mlio mkali kama wa breki wakati wa kucheza ni utepe uliopoteza ulaini. Vikaratasi vipya au ganda jipya huumaliza mara nyingi. Usiingize kaseti kwenye oveni kwa kuiga ushauri unaohusu tepu kubwa za studio.

Mashine inameza utepe

Gurudumu la kupokea halizunguki, lakini shafti inaendelea kutoa utepe. Simamisha mara moja. Usivute kaseti kwa nguvu. Toa umeme, fungua mlango, na uzungushe rola kwa kidole kinyume hadi utepe uachie. Mikunjo inyooshe kwa vidole safi, iviringishe kwa kalamu, na usicheze tena kwenye mashine hiyo mpaka belti ya gurudumu ibadilishwe na rola isafishwe. Njia ya kupima: cheza bila kaseti na ushike gurudumu la kulia kwa kidole. Liendelee kusukuma taratibu. Likisimama bila kupambana, halina nguvu.

Utepe uliokatika unaungwa kwa tepu maalumu ya kuungia upande wa nyuma, ule usiotazama hedi. Kata ncha zote mbili kwa pembe, zikutane bila kupandana. Seloteipu ya ofisini hutoa gundi kwa joto la hapa na kushikisha mizunguko ya jirani. Usipokuwa na njia nyingine, itumie kwa kucheza mara moja tu, urekodi, basi.

Mvumo, mkwaruzo na umeme

Mvumo wa Hz 50 au 100 unaobaki kaseti ikisimama hutokana na mzunguko wa ardhi, yaani umeme mdogo unaozunguka kupitia nyaya za ardhi (earth) kati ya mashine na laptopu. Chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unakatika papo hapo. Ukiendelea, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, mbali na friji na feni, au weka kitenganishi cha ardhi kati ya waya za RCA, zile za sauti zenye pini nene ya duara. Pini ya ardhi isikatwe kamwe. Inalinda maisha yako.

Mlio wa kudundadunda unaokuja na kuondoka ni simu iliyo karibu na waya. Iweke hali ya ndege au ipeleke chumba kingine.

Angalia yuniti za umeme za LUKU kabla ya kuanza upande wa dakika 45. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea lakini deki yenye vitufe vya kubonyeza inabaki na rola ikiwa imebana utepe dhidi ya shafti. Bonyeza kitufe cha kusimamisha mara moja, hata gizani. Ikiachwa hivyo usiku kucha, rola inapata kibonyeo na utepe unapata mkunjo, na yumbo la sekunde 0.8 linazaliwa hapo.

Sauti inapasuka

Mstari wa sauti kwenye skrini umekatwa bapa juu na chini. Kupunguza kipimo ndani ya programu hakutibu kitu ikiwa sauti imeshapasuka kabla ya kufika hapo. Sababu kubwa ni kuchomeka mashine kwenye tundu la maikrofoni, ambalo limetengenezwa kwa sauti ndogo mno na mara nyingi hupokea chaneli moja. Pata kadi ya sauti ya USB yenye tundu la stereo la kuingizia laini (line-in), na waya wa RCA mbili unaoishia kwenye jeki ya milimita 3.5. Deki toa sauti nyuma, kwenye tundu za kutokea. Redio kaseti isiyo na tundu hizo itumie ya hedifoni, volyumu ikianzia 3 kati ya 10, besi ya ziada na ikwaliza vikiwa vimezimwa. Vilele vikae kati ya desibeli -12 na -6. Panga kiwango kwa sehemu yenye kelele kuliko zote, vigelegele vya harusi kwa mfano, na usikiguse tena hadi upande uishe.

Sauti inayopanda yenyewe kwenye kimya na kuzama mtu anapoongea ni Windows inayojaribu kusaidia. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa cha kurekodia na uzime maboresho yote ya sauti.

Kimya, au upande mmoja tu

Jeki moja iliyopo kwenye laptopu nyingi za sasa ni ya hedifoni zenye maikrofoni. Ukichomeka pini ya kawaida ya stereo, kompyuta inadhani umeweka hedifoni na hairekodi kitu. Hapo kadi ya USB haikwepeki. Kama kadi ipo na bado kimya, chagua kadi hiyo ndani ya programu, kisha hakikisha Windows imeruhusu programu kutumia maikrofoni. Ruhusa hiyo hiyo ndiyo inayotawala tundu la laini.

Chaneli moja ikikosekana, badilishana waya wa kushoto na wa kulia kwenye mashine. Kimya kikihamia upande wa pili, tatizo ni mashine au hedi. Kikibaki palepale, ni waya au kadi.

Sauti inayosikika kinyumenyume na kuziba kwa wakati mmoja ni utepe uliojigeuza mgongo ndani ya ganda. Fungua, unyooshe, funga. Mwangwi hafifu unaotangulia neno lenyewe ni sauti iliyohamia kutoka mzunguko mmoja wa utepe kwenda mwingine; kuupeleka mbele na kuurudisha mara tatu kabla ya kurekodi huupunguza kidogo. Mikatiko midogo kama kokoto kwenye faili ni USB iliyopitishwa kwenye habu, diski iliyojaa, au kompyuta inayofanya kazi nyingine. Zima intaneti na ufunge kila kitu isipokuwa programu ya kurekodi.

Faili

Rekodi WAV, biti 16 na Hz 44,100. Dakika moja ya stereo hula takriban MB 10.6, hivyo kaseti ya dakika 90 inachukua karibu MB 950. Kadi yako ikikubali biti 24, tumia hizo ili uweze kurekodi kwa kiwango cha chini bila hofu. Faili hilo la kwanza lihifadhi bila kuguswa. Usafishaji wa kelele ufanye kwenye nakala, desibeli 6 hadi 9 tu. Ukizidisha, sauti ya mtu inaanza kulia kama iko chini ya maji, na hakuna wa kukushukuru kwa hilo. Kesho programu bora zaidi itakuwepo, na itahitaji lile faili ghafi.

Jina la faili libebe mwaka, tukio na upande wa kaseti. Piga picha karatasi ya ndani ya kasha, maandishi yote, kisha waulize wazee wa familia ni sauti za nani, wakiwa bado wapo wa kujibu. Ukituma ndugu kwa WhatsApp, tuma kama hati ili faili lifike lilivyo. Weka nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ya tatu kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kaseti yenyewe usiitupe. Icheze hadi mwisho bila kuirudisha nyuma, irudi kwenye kasha lake, isimame wima kwenye chombo kinachofunga pamoja na silika kavu, mbali na spika na juu ya usawa ambao maji ya mvua yanaweza kufika.